Maji ya Mnyoo Bapa

Tone. Kimya. Tone tena.

Stima ilikuwa imepotea mtaa wote wa Landless, na mimi ndio kwanza nilikuwa naingia kutoka darasa la jioni la watu wazima, begi bado begani. Nilidhani ni mfereji unavuja. Nikawasha tochi ya simu.

Kui, binti yangu wa miaka mitano, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alichota maji kwa kijiko kutoka chupa ya jemu, akamwagia baba yake kwenye mkono wa kulia, pale vidole vinne vilipoishia tangu mashine ya kukata godoro ivichukue mwezi wa pili. Githae, mume wangu, alikuwa amefumba macho. Karai lilikuwa chini, likipokea matone.

Chupa niliijua. Mwalimu wetu wa bayolojia, Odhiambo, alitupeleka Jumamosi moja kwenye kijito, tukafunga kipande cha maini mabichi kwa uzi, tukakitumbukiza. Tulipokivuta, minyoo bapa midogo ya kahawia ilikuwa imekishikilia. Tukakata mmoja katikati kwa wembe, nikapewa vipande nije navyo nyumbani. Kila jioni nilimwonyesha Kui. Siku ya kumi na mbili kipande cha mkia kilikuwa na kichwa, na macho mawili yenye makengeza.

"Kimeota," nilimwambia, kwa furaha ya mtu aliyepita mtihani. Sikuangalia alikuwa anamtazama nani.

"Kui, unafanya nini?"

"Shh. Utamwamsha. Dawa bado haijashika."

"Sijalala," Githae akasema, macho yamefumbwa bado. "Hii ni siku ya tatu."

"Na ukamwacha?"

"Ningemwambia nini? Maitu ananitibu." Humwita Kui Maitu, yaani "mama yangu" kwa Kikuyu, kwa kuwa amepewa jina la mama yake Githae. "Huyo mnyoo wenu hata bima hana, na ona vile ananishinda."

Sikucheka. Jumatatu ijayo alitakiwa kuanza kazi Ruiru, ya kufungua geti la maghala, naye alikuwa amekataa kwenda. Sababu hakusema, niliiona chini ya kitanda. Viatu vyake vyeusi vya kazi, kamba zimelala. Tangu atoke hospitali anavaa patipati tu, zisizo na kamba za kufunga. Nilijaribu kumfungia mara moja, akauvuta mguu.

Nikaketi sakafuni, nikampakata Kui.

"Mnyoo ana mbegu ndogo ndogo mwili mzima, zinangoja tu. Ukimkata, zinakuwa kile kinachokosekana. Sisi hatukupewa hizo. Vidole vya baba havitaota."

"Hata nikiweka maji mengi?"

"Hata ukiweka mengi."

"Hata mwaka ujao?"

Githae alifungua macho.

"Hata mwaka ujao, Maitu." Miezi yote hiyo sikuwa nimemsikia akikiri hilo. Aligeukia ukuta, mabega yakatikisika.

Kui alifunika chupa. Akaupangusa mkono wa baba kwa sketi yake, akamalizia na kidole gumba, kile kilichobaki. Kisha akaingia chini ya kitanda, akatoka na kiatu kimoja.

Mguu wa Githae ulikuwa ukining'inia. Safari hii hakuuvuta. Kui alifunga fundo jinsi walivyofundishwa shule ya nasari, ulimi nje, likafunguka. Akaanza upya. Nikaendelea kumulika.

"Jumatatu nitakufungia viatu mimi, kabla niende shule," Kui akamwambia.