Lundo Jekundu

Mpimaji wa maabara ya kiwanda cha saruji alikuwa na swali lililomnyima raha. Alichota mabaki ya mgodi uliofungwa, ule mchanga laini unaotupwa madini yakishatolewa, kwenye malundo mawili, moja la kijivu na jingine jekundu, akausaga, akauchanganya na saruji, akafyatua vipande vya mraba na kuviloweka siku ishirini na nane. Vya lundo la kijivu vilimomonyoka kwenye mashine ya kuponda kama biskuti. Vya lundo jekundu vilishupaa sawa na saruji tupu.

"Mgodi mmoja, mwamba mmoja," alimwambia msimamizi wake. "Inakuwaje?"

Msimamizi, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Haiwezekani, hakuinua hata macho. "Umekosea vipimo, dada."

Akarudia kazi yote upya. Majibu yakawa yale yale.

Siku ya mapumziko akaenda kwa mama yake, aliyesukuma toroli mgodini pale miaka kumi na miwili. Alimkuta anakunja nguo. Akamwaga mezani mchanga wa aina mbili, mafungu mawili, juu ya gazeti.

Mama akaufikicha ule mwekundu kwa vidole. "Huu tuliuchoma."

"Mliuchoma?"

"Enzi zetu mwamba ulianzia kwenye tanuri, ndipo ukasagwa na kuoshwa. Moshi wake ulitukaba koo, tukapiga kelele mpaka tanuri likazimwa. Baada ya hapo wakawa wanaosha kwa dawa tu. Ndio huo wa kijivu. Kwani hukuona mwenzake una rangi ya tofali?"

"Niliona, mama. Sikujiuliza."

"Na shule yote ile!" Mama akacheka mpaka shuka likamponyoka.

Kesho yake mpimaji alitia mchanga wa kijivu kwenye tanuri dogo la maabara. Ulitoka mwekundu. Akafyatua vipande vipya, akasubiri siku zile zile ishirini na nane. Maji ya kulowekea aliyapeleka kupimwa sumu, maana mabaki ya mgodi si ya kuaminiwa hivi hivi. Yalirudi safi.

Siku ya kuponda alimwalika mama. Haiwezekani naye akaja, mikono mfukoni. Mshale wa mashine ukapanda, ukapita pale kipande cha kijivu kilipovunjikia, ukazidi kupanda.

"Weka kingine," alisema msimamizi.

Kikawekwa kingine, na cha tatu. Vyote vilishika.

Msimamizi akamvutia mama kiti. "Mama, moto wa lile tanuri ulikuwa mkali kiasi gani?"

"Kipimo sikuwa nacho, baba. Ila jiwe liling'aa kama kaa, na hatukulitoa mpaka saa nne zipite."

Msimamizi akaomba kalamu, akaandika.

Lori la kwanza lilipokwenda kuchota lile lundo jekundu, mama alikaa mbele kando ya dereva, akimwonyesha kwa kidole wekundu unapoanzia.