Dole Gumba la Baba Mapacha

Kiwandani wananiita Mama Fomu, na siwalaumu. Ukiajiriwa, fomu. Ukiugua, fomu. Ukifiwa, pole na fomu. Mimi ndiye afisa utumishi wa kiwanda hiki cha magodoro, na mafunzo ya usalama yako mikononi mwangu: kumwita mkufunzi, kupanga viti, kuzungusha karatasi ya mahudhurio.

Kwenye hiyo karatasi ndipo tulipoharibu. Oda zikibana, nusu ya watu hubaki kwenye mashine na wenzao huwasainia. Nilikuwa naona, nafumba macho. Mradi karatasi imejaa.

Jumanne, Baba Mapacha, mkataji wetu wa siku nyingi, aliingiza mkono kuchomoa sponji iliyokwama bila kuzima mashine. Kisu kikaondoka na dole gumba lake la kulia.

Ijumaa meneja wa uzalishaji akaingia ofisini kwangu na faili.

"Mama Fomu, andika barua ya kumwachisha kazi. Alifundishwa, akakaidi. Sahihi yake hii hapa."

Nikaitazama. Sahihi ya madaha, yenye mkia. Roho iliniuma. Baba Mapacha hajui kuandika. Tangu aajiriwe, kila fomu yake hupiga dole gumba, na pedi ya wino namshikia mimi.

"Hii si yake," nikasema. "Siku ile ya mafunzo ulimzuia kwenye mashine, na mimi nikanyamaza."

"Unataka kujichongea?"

"Nimechelewa tu."

Nikamwandikia mkurugenzi ripoti: mkataji hakufundishwa, na waliozembea ni wawili, meneja na mimi. Tukapewa barua za onyo, wote wawili. Baba Mapacha akabaki kazini.

Mafunzo yakarudiwa, safari hii mashine zote zimezimwa. Baba Mapacha alikuja na bandeji yake, akakaa mbele, akamuuliza mkufunzi maswali mpaka maskini akaomba maji. Kisha karatasi ikazunguka, kila mtu na kalamu yake.

Ilipomfikia nikachukua pedi ya wino na, kwa mazoea, nikaushika mkono wake wa kulia.

Akacheka. "Huko hamna kitu, Mama Fomu. Jaribu upande wa pili."

Akanipa wa kushoto. Nilitaka kumsaidia, lakini machozi yalikuwa yameshanitoka mbele ya kiwanda kizima. Akaichukua pedi, akapiga dole mwenyewe.