Macho ya Mkwe

Watu wa mjini hupenda kuniuliza kama baba yangu, wakala wa serikali ya Marekani kwetu sisi Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi ile, alikuwa mwizi kama mawakala wengine. Hakuwa! Alikuwa mbishi tu, masikio yake pambo. Aliitwa Orrin Haskett, mtoto wa mhunzi wa Ohio. Mwaka 1871 alitumwa huku kwenye Mto Missouri kugawa mablanketi na kuandika ripoti, akamwoa mama yangu, Hapstin.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Ndiyo heshima yenyewe. Mama alimweleza tangu wiki ya harusi, baba akaitikia, "Sawa, sawa," huku moyoni akiamini ni kisingizio, kwamba mama mkwe anamchukia basi.

Bibi Tatewin, mama yake mama, aliishi kwenye hema nyuma ya nyumba yetu. Maneno yao yote yalipitia kwangu.

"Mwambie baba yako supu iko tayari," bibi alikuwa akisema, shali usoni, na baba yuko hatua tatu tu.

"Baba, supu..."

"Nimesikia! Mimi si kiziwi!"

"Mwambie hata kiziwi hapigi kelele hivyo."

Jamani, siku zile! Ningerudishiwa mchana mmoja tu wa kupeleka maneno yale, ningeshukuru.

Nilipokuwa na miaka tisa serikali kule Washington ikabadilisha watu, baba akaandikiwa barua: wakala mpya anakuja. Ndugu zake walikuwa wamemwekea shamba Ohio. Mama akasema yeye habanduki kwao.

"Basi nitakwenda peke yangu," baba akasema, anafunga sanduku. "Nikae kwa ajili ya nani? Miaka kumi mama yako hajanitupia hata jicho!"

"Nilishakueleza, Orrin."

"Ulinieleza!"

Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Nilimpenda baba yangu, na gari la farasi ambalo lingemleta yule mpya ndilo lingemchukua.

Gari likafika. Wakala mpya aliposhuka, bibi akamwendea moja kwa moja, kidevu juu, akamkazia macho kuanzia kofia mpaka viatu, akapanda tena mpaka usoni.

"Umeona?" baba akafoka. "Huyu kafika leo, na leo leo anatazamwa!"

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Bibi akajifunika shali, akatugeuzia mgongo.

"Mwambie baba yako, yule nimemtazama kama ng'ombe wa mnadani. Mkwe wangu simtazami hivyo. Mkwe wangu ninaye mmoja."

Nikampelekea neno kwa neno. Baba akavua kofia, shingo imemwiva kwa haya. Kisha akazunguka nyumba, akaketi chini, mgongo wake kwenye hema la bibi.

"Mwambie bibi yako," akasema, "naomba supu."

Gari likaondoka bila sanduku lake. Baba akalima mahindi nasi miaka kumi na miwili, hadi kifua kilipomchukua.

Siku ya kumzika, bibi akaingia tulipomlaza, akavua shali. "Maiti si mkwe tena," akasema. Akainama, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu. Halafu akanishika mkono.

"Macho yake yalikuwa na rangi gani?"

"Kama yangu, bibi."

Akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akayatazama, akalia.