Siku Tatu za Kukataa Uhamisho

Sandrine alisaini karatasi ya uhamisho kabla hajaisoma. Miaka kumi na minane aliishi katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko aliyechelewa kusaini alikuta mahindi ya mgao yamekwisha. Mkono ulishazoea. Watu wa ofisi hawalijui hilo, au wanalijua sana. Sasa kiwanda cha magodoro cha Mesquite kilikuwa kinampeleka Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, na mama yake kipofu yuko DeSoto, mji wa jirani, hana mwingine wa kumpikia.

"Yaya, dada yangu, ulisaini nini?" Dady, jirani yake wa mashine, alimuuliza wakati wa chakula.

"Walileta karatasi juzi. Wewe usingesaini?"

"Mimi? Hata cheti cha ndoa nilikisoma mara mbili, mke wangu akanuna!" Alifungua kitabu cha kanuni za kiwanda. "Bon, sikiliza. Una siku tatu za kukataa, kwa maandishi. Leo ndiyo ya tatu."

Sandrine aliliacha bukari lake, ugali aliotoka nao nyumbani. Aliandika mistari miwili, Dady akimsaidia Kiingereza, akaipeleka ofisini.

Msimamizi aliisoma, akajikuna shingo. "Sasa nitampeleka nani?"

"Muulize Matumaini, yule anayefunga mizigo," Sandrine alisema polepole. "Ndugu zake wote wako Houston. Tangu Januari anatamani kwenda."

"Mbona sijasikia?"

"Hamkuuliza mtu. Mlileta karatasi tu."

Akasimama palepale mbele ya meza, mikono kifuani, mpaka jina lake likafutwa kwenye orodha.