Pishi ya Mfuto

Tabu wangu anavuka mwezi ujao kwenda Mombasa kwa mumewe. Sanduku limefungwa na kufunguliwa sijui mara ngapi, kila siku nakumbuka kitu cha kutia. Lakini ninalotaka kumpa hasa halitiwi sandukuni, na nikimwambia kwa mdomo hucheka, akasema, mama, Mombasa kuna maduka. Ndiyo maana naandika, kwa ajili yake na kwa ajili ya mabinti wa watu wanaofuata waume katika nchi wasizozaliwa. Ajuaye kusoma amsomee asiyejua.

Mimi nimezaliwa Unguja, nchi ya Sultani. Baba yangu, Mwalimu Mshamu, alikuwa na chuo cha Kurani, na juu ya hayo akanipeleka shule ya serikali mpaka darasa la nne, jirani wakimlaumu. Kazi yangu ilikuwa kushona kofia. Nikitaka kitambaa au uzi nilikwenda dukani mikono mitupu nikarudi na furushi. Kofia zikiuzwa, ndipo nalipa. Hakuna aliyeniuliza nitalipa lini. Walimjua baba, walimjua bibi yangu, na mimi walinijua tangu sijaota meno. Nikadhani kuaminiwa kule ni mali yangu, kama vipuli vya masikioni mwangu, kwamba niendako nakwenda nako.

Akaja Abdalah na shehena ya boriti. Alikuwa mkata mikoko wa Salale, huku kwenye visiwa vya mto Rufiji, akanioa, nikavuka naye. Tuliishi vizuri. Dukani alikwenda yeye, shambani alijuana na watu yeye, na mimi nilikaa ndani nikashona kofia zake za sikukuu. Sikuona haja ya kujulikana. Tabu alikuwa anaanza kutambaa homa ilipompata baba yake huko kambini mikokoni. Wakamleta kwenye mtumbwi hajitambui, na hakupata nafuu.

Nilipotoka eda, shemeji yangu Sadala alituchukua nyumbani kwake. Simsemi vibaya, alitulisha. Lakini sabuni ikiisha lazima niseme, shemeji, sabuni. Mafuta ya taa yakiisha, shemeji, mafuta. Mkewe akawa anawaambia wenziwe kisimani kwamba nyumba yao imepata kasuku, anajua neno moja tu. Nilicheka nao, na moyoni nikaapa kwamba nitakula changu.

Nikachukua kofia moja nzuri nikaenda nayo Nyamisati, kwa mwenye duka. Akaigeuzageuza, akaisifu. Nikamwomba uzi na kitambaa kwa mali kauli, kama nilivyozoea kwetu, nichukue leo nilipe nikiuza. Akauliza mdhamini wangu ni nani. Nikamtajia baba, nikamtajia maduka ya Unguja yote yanayonijua, moja baada ya jingine, na yeye akinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Basi, mama," akasema, "si ukakope huko?"

Watu waliokaa barazani walicheka. Nikairudisha kofia yangu ndani ya kanga nikaondoka.

Likabaki shamba la mpunga la marehemu, lililokuwa limelala tangu afe. Sadala akaniambia nikiliweza nilime, lakini mbegu yeye hana. Msimu wa mpunga watu wa kule huhamia mashambani, kila nyumba na dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo, ndimo wanamolala na kuamia ndege mpaka mavuno. Dungu lililokuwa karibu na langu ni la Bi Mwanamina, mjane, mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Sikuwa nimemwomba kitu. Alikuja mwenyewe na kikapu cha mbegu na pishi yake ya mti, akakaa chini, akanipimia. Kila akijaza alipitisha kiganja juu ya pishi, punje zilizozidi zikarudi kikapuni mwake.

"Nakupimia mfuto, mwanangu, mzigo usije ukawa mzito," akasema. "Ukivuna utarudisha."

Alinipimia pishi nne. Yeye na jirani yake Mwanaheri na wanawake wengine wakaja kunisaidia kupanda, wakinitania kwamba mtu wa Sultani anaogopa tope, na kwamba ndege wamesikia maneno yangu ya Kiunguja wamestahi hawali. Hata kuchuchumaa matopeni walinifundisha. Mwaka ule mpunga ulikubali. Nilipoona marobota yangu yamepangwa dunguni nililia peke yangu, kwa furaha na kwa kumkumbuka Abdalah.

Jambo la kwanza nililofanya ni kurudisha. Nilimwendea Bi Mwanamina mchana, wenzake wakiwepo, wanapura. Nikaomba pishi yake ileile. Nikajaza, nikapitisha kiganja juu, punje zilizozidi zikarudi kikapuni mwangu. Nikajaza tena, nikafuta tena, mpaka zote nne zikatimia. Baba alinifundisha kwamba nyongeza juu ya deni ni riba, na zaidi ya hayo mimi nilikuwa narudisha vilevile nilivyopimiwa. Wale wanawake wakaacha kupura. Nikadhani wanastaajabia uaminifu wangu.

"Tumepokea, bibi," akasema Bi Mwanamina.

Mpaka siku ile alikuwa akiniita mwanangu. Nililisikia lile neno bibi, na nikalipenda, nikaona sasa naheshimiwa kama mtu mwenye shamba.

Hakuna aliyegombana nami baada ya hapo, na hili ndilo nataka mabinti walishike. Nilisalimiwa, niliitikiwa. Lakini hakuna tena aliyekuja kwangu kuomba moto, wala kuazima ungo, wala kunipitia tukienda kuchota maji. Nikipika kitu nikapeleka kwa jirani, sahani ilirudi imeoshwa, haina kitu. Kwetu Unguja sahani haikuwa ikirudi tupu, na hata hapo sikushtuka. Nilijiambia ni kijicho, mgeni kavuna kuwashinda. Nikauza sehemu kubwa ya mpunga wangu, nikajenga kijumba cha udongo, nikahama kwa Sadala. Sikuhitaji kumwita mtu shemeji. Nilijiona nimefika.

Mwaka uliofuata, miche ikiwa ndiyo kwanza inashika, lilikuja bamvua kubwa na upepo. Maji ya chumvi yalipanda mpaka mashambani, yakakaa. Yalipotoka, miche ilikuwa imeungua kama iliyomwagiwa maji ya moto. Si yangu peke yangu, ya wote. Ilibidi kupanda upya haraka kabla mvua hazijapungua, na mbegu yangu yote ilikuwa imekwishaingia ardhini.

Nikaona vikapu vinapita kutoka dungu hili kwenda lile. Aliyebakiwa na mbegu alimpimia asiye nayo. Havikusimama kwangu. Nikamwendea Mwanaheri, akasema amebakiwa na ya kula tu. Nikaenda kwingine, nikaambiwa mwenyewe mgonjwa. Mwisho nikamwendea Bi Mwanamina, nikamkuta anampimia mke wa jirani mmoja aitwaye Zaidi, anafuta juu kwa kiganja kama alivyonifanyia mimi. Nikamweleza shida yangu.

"Bibi," akasema taratibu, "mimi nawe hatudaiani."

Nikaona ananisifu. Nikamjibu kwamba ni kweli, sidaiwi na mtu hata punje, ndiyo maana nimekuja kwa moyo mweupe. Alinitazama muda, kama anayengoja niongeze neno. Sikujua neno gani. Akasema mbegu ile ina wenyewe.

Sadala alikuja kuniambia nirudi nyumbani kwake, na alisema kwa wema. Nikaona nikirudi sitatoka tena. Niliuza vipuli vyangu kwa bei aliyotaka mnunuzi, nikamfunga Tabu mgongoni, nikafuatana na wanawake waliokuwa wanapeleka mikeka Kibiti. Shamba nililiacha na miche yake iliyoungua, nikisema nitalirudia.

Kibiti nilipanga chumba kwa Biasha, muuza vitumbua kandokando ya barabara, mwanamke wa maneno mengi. Pesa ya vipuli nikanunua uzi. Nilishona, nikauza, nikanunua uzi tena, taslimu kwa taslimu, wala sikumwomba mtu imani yake. Nikiugua siku mbili, siku ya tatu hatuli. Kwa kazi ile mtu hashibi wala hafi. Hivyo ndivyo Tabu alivyokua.

Siku moja Biasha aliishiwa unga wateja wamemzunguka, akaja mbio kuniazima kibaba kimoja. Nikampimia mfuto, mkono wangu ulishazoea hivyo. Jioni akanirudishia. Kibaba kilikuwa na kilima juu, unga unamwagika akitembea. Nikamwambia amezidisha, nikataka kumpunguzia.

Akanikamata mkono. "Wee Mama Tabu, unanifukuza?"

Nikamuuliza namfukuza vipi. Kwanza alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akakaa kwenye kizingiti, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Anayekopesha hupima mfuto, ili mwenzake asilemewe. Anayerudisha hurudisha tele, na kile kilima cha juu hakina bei, ni cha kusema kesho nitakuja tena, na wewe uje kwangu. Anayerudisha mfuto ni mtu anayefunga hesabu kwa sababu hataki tena kujuana nawe. Hivyo watu hufanya dukani, au wakiachana.

"Kwani Unguja mnaishije?" akauliza. "Mnapimiana kama Wahindi na wateja?"

Aliendelea kunitania, lakini mimi sikuwepo. Nilikuwa Salale, kiganja changu kinapita juu ya pishi ya Bi Mwanamina, mara nne, mbele ya watu.

Ilinichukua muda kupata mpunga wa kutosha na moyo wa kwenda. Nikaenda. Bi Mwanamina alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini alinitambua kwa sauti. Sikuanza na maneno. Niliomba pishi yake, nikajaza ile ya kwanza mpaka ikasimama kilima, nikamimina. Nikajaza ya pili. Alikuwa akipapasa juu ya kila pishi kwa ncha za vidole, bila kuangusha punje. Nilipomaliza ya nne ndipo nikamweleza, kwamba sikujua, kwamba kwetu nilifundishwa nyongeza ni riba.

"Riba ni ya kudaiwa," akasema. "Sisi hatukukudai. Tulikungoja."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, hata siku ile ya bamvua nilipokuja kuomba.

"Mtu akitaka kuachana nasi, tumshike nguo?" akasema. "Tulisema binti wa Unguja ametajirika, ametuchoka. Na sisi tulikosea, mwanangu. Hatukuuliza."

Alisema mwanangu. Nililia pale mpaka akanionea haya, akatafuta la kunituliza, akaniuliza mfukoni nimebeba nini. Zilikuwa mbaazi zangu za njiani. Akasema basi nimkopeshe kibaba kimoja. Tangu nivuke bahari hakuna mtu wa Salale aliyewahi kunikopa hata punje. Nikampimia mfuto.

Shamba sikulipata. Sadala alikuwa amempa Zaidi, kwa kuwa ardhi haiachwi ikalala na watu wana njaa, na Zaidi alikuwa amelizungushia tuta refu la kuzuia maji ya chumvi. Nilipita pembeni yake nikienda kwenye mtumbwi. Watoto wake walikuwa juu ya dungu wanapiga kelele kufukuza ndege. Mpunga ulikuwa mzuri. Ningekuwa pale mimi, na Tabu wangu angekuwa mmoja wa wale wanaopiga kelele, na wanawake wananipitia kwenda kuchota maji. Nililipoteza bila kumdhulumu mtu punje. Sijui kama kuna namna nyingine mbaya zaidi ya kupoteza.

Baada ya mavuno mchuuzi wa mikeka aliniletea Kibiti kifuko cha ukili kutoka Salale. Ndani mlikuwa na mbaazi, kibaba kile, na juu yake konzi ya mchele mpya, mpaka kifuko kikashindwa kufungwa.

Jana Tabu aliyasoma haya nilipofika hapo. Hakucheka. Akaniuliza, huko Mombasa wao hurudisha tele au mfuto. Nikasema sijui, mwanangu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Labda wana lao jingine kabisa, ambalo mimi wala Biasha hatuwezi kulikisia. Muulize mtu kabla hujapitisha kiganja. Uliza hata wakikucheka.