Viatu vya Kupigia Picha

Asubuhi ya operesheni mama alimfunga Chiriku kamba za gauni la hospitali mgongoni, akamchana nywele, akamvalisha viatu vyake vipya vyekundu. Viatu vilikuwa ushauri wa sista mkuu wa wodi ya watoto. Kila mzazi aliambiwa naye hivyo hivyo: mwambie mnakwenda kupiga picha. Mtoto asiyejua hasumbui, na daktari hacheleweshwi. Ilikuwa danganya toto ya wodi nzima, na hakuna aliyeiona kuwa uongo.

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Korido nzima aliuliza kama acheke meno yaonekane au afunge mdomo, maana jino la mbele lilikuwa limeng'oka. Mama alisema vyovyote atapendeza.

Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji palikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Mzazi havuki. Msukuma vitanda alimpokea mtoto, mlango ukafunguliwa, na Chiriku akaona taa kubwa na watu waliofunika midomo, wala hapakuwa na kamera. Aliling'ang'ania gauni la mama yake kiunoni. Msukuma vitanda alimbandua vidole kimoja kimoja, bila ukali, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka. Mlango ukafungwa, kelele zikaendelea kidogo, kisha zikakatika.

Ilikuwa ngiri tu, na kazi ilikwenda vizuri. Kitanda cha pili alilazwa mvulana aliyepasuliwa ngiri kama hiyo, asubuhi hiyo hiyo, na daktari yule yule. Shangazi yake, mbishi wa kuzaliwa, alikuwa amemweleza kila kitu tangu nyumbani, mpaka sindano. Kesho yake mvulana alikuwa anadai chai ya pili.

Chiriku alilala ameukabili ukuta. Hakusema neno. Alilia kabla hajaguswa, alikojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, na dawa ya maumivu ilikuwa kama maji kwake. Maji yenyewe hakuyataka. Jioni homa ilimpanda. Daktari alimbonyeza tumbo, likawa gumu kama ubao, na hakuweza kujua kama ni kidonda au ni woga. Alisema hali ikiwa hiyo hiyo asubuhi, watamrudisha ndani wamfungue tena.

Ili mikono yake ipate la kufanya, mama alipanga vitu vya mtoto. Viatu havikuwepo. Akatoka kwenda kuviulizia kule mlangoni.

Kwenye mstari mwekundu walisimama watoto kadhaa wenye magauni ya hospitali, mengine ya kitambaa kilichoacha kutumika zamani. Mfagiaji alipitisha tambara kuzunguka miguu yao. Msukuma vitanda alikuja na kitanda kitupu, akasema, "Nipisheni, wanangu," nao wakasogea. Chiriku alikuwa miongoni mwao, hatua moja ndani ya mstari, nywele zimechanwa, viatu vyekundu mguuni.

Mama alimuuliza msukuma vitanda kulikoni. Akajibiwa kwamba hao ni waliogoma kuingia. Mwili huingizwa, wao hubaki. Wengi hawafuatwi, maana wazazi wanadhani mtoto ni yule wa kitandani.

"Mchukue mapema, dada," aliongeza. "Akiingia mlango ule, mimi simwoni tena."

Mama alinyoosha mkono. Akasema, "Njoo, mwanangu, nyumbani kuna zawadi yako." Hapakuwa na zawadi. Chiriku alimtazama kama mtu wa kupita njia, akarudi hatua moja nyuma. Mama akasema haumwi, ni mzima kabisa. Akarudi hatua nyingine. Mgongo wake sasa ulikuwa unaugusa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wa kusukuma tu.

Mama aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alikaa chini, magoti yake yakaugusa mstari.

"Nilikudanganya," alisema. "Hakukuwa na picha. Nilijua unakwenda kupasuliwa."

Mtoto alifikiri. "Nimepasuliwa?"

"Ndiyo. Tumboni, upande wa kulia. Umeshonwa."

"Inauma?"

Ulimi ulitaka kusema hapana. Mama aliuzuia. "Inauma. Na kesho itauma, ila si kama leo."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Kitandani nitakuwa na wewe. Wakikurudisha humo ndani, hawataniruhusu."

Chiriku aliyapima maneno hayo, kisha akauvuka mstari na kulishika gauni la mama yake pale pale kiunoni. Wodini alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akapanda. Kitandani pakawa na mtoto mmoja. Aligeuka kutoka ukutani, akaomba maji, akalalamika kuwa nyuzi zinamvuta, kisha akauliza kwa nini yule mvulana anakula biskuti zake.

Asubuhi tumbo lilikuwa laini. Daktari alisema dawa imefanya kazi.

Siku ya kuondoka, Chiriku alimsimamisha sista mkuu na kumwambia kuwa pale kwenye mstari kuna msichana mwenye alama nyeusi kando ya pua, kama ile ya sista. Kila siku anauliza kama picha iko tayari.

Sista mkuu alijishika ubavu, mahali penye kovu lililomsumbua siku za baridi. "Namjua," alisema. "Yule ameshazoea."

Kisha alimgeukia baba mmoja aliyekuwa akisubiri na mwanawe, akamnong'oneza la kumwambia. Baba aliinama, akamwambia. Mtoto alifurahi, akaomba kitana.