Wifi Aisoma Insha

Insha ya Vipimo ilikuwa imesomwa na watu wanne, na wote wanne waliisifu. Hapo ndipo shaka ilipomwingia.

Jina la Vipimo alibandikwa kazini, kwenye maabara ya idara ya maji, alikopima maji ya bomba na ya visima. Hakulikataa mapema, likamganda. Sasa alikuwa akiomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, na vyuo vilitaka insha: aeleze yeye ni nani, anataka kusoma nini, na kwa nini. Mwaka uliopita aliandika peke yake, akatuma, akajibiwa kwa barua pepe fupi yenye adabu nyingi kwamba hapana. Safari hii aliapa kwamba haitumwi insha kabla haijapita machoni pa watu.

Alianza na mjomba wake, mwalimu mkuu mstaafu. Mjomba alihamisha mikato kadhaa, kisha akaongeza sentensi ya kufungulia: “Tangu utoto wangu nimekuwa na kiu isiyokatika ya elimu.”

“Mjomba, mimi naandika habari za maji.”

“Ndiyo maana nimeweka kiu,” mjomba akajibu, wala hakuwa anatania.

Bosi wa maabara aliongeza aya nzima kuhusu uongozi thabiti wa maabara. Rafiki yake wa tangu shule alijibu “Hapo umeua!” upesi kiasi kwamba hata kuifungua asingekuwa amewahi. Mumewe aliisoma mezani mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga.

“Sehemu gani imekugusa?” Vipimo akauliza, kalamu mkononi.

“Yote.”

Alipombana, ikajulikana kwamba alichokuwa akiwaza ni jinsi nyumba itakavyokuwa kimya mkewe akienda kusoma. Insha yenyewe hakuikumbuka sana.

“Mpe dada,” mume akasema, akipangusa macho.

“Dada yako hanipendi.”

“Ndiyo maana nakwambia. Mpe dada.”

Wifi alifanya kazi kampuni ya bima, chumba cha madai. Kutwa alisoma maelezo ya watu ambao magari yao yalikuwa yamesimama salama salimini, ukuta ukaja ukayagonga. Akishasoma, aliamua nani alipwe na nani aende zake. Chumba chake kilikuwa na mafaili yaliyofungwa kwa kamba, feni iliyotazama dirishani, na kiti cha wageni chenye mguu mmoja mfupi. Hakutaka kitengenezwe. Alisema mtu akiyumba kidogo, ukweli humtoka haraka.

Vipimo alikwenda siku ya Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, akakaa, akayumba.

“Wifi, naomba unisomee.”

“Nikusomee ili nikusifu, au nikusomee?”

“Unisomee. Uniambie ulipochoka.”

Wifi akamtazama kidogo, kama mtu aliyeletewa dai lisilo la kawaida, kisha akachukua penseli. Alisoma bila kupepesa. Alipomaliza, alirudi ukurasa wa kwanza na kupiga mstari karibu kabisa na juu.

“Hapa.”

“Hapo ndipo ulipochoka?”

“Hapa. Huko kwingine nimefika kwa sababu ya undugu.” Akashusha penseli taratibu. “‘Nina shauku kubwa.’ Nani aliiona? ‘Nimechangia pakubwa katika afya ya jamii.’ Jamii ipi, ilikuwa inaumwa nini? Mtu akituandikia hivi sisi hapa, hatumlipi. Na hii kiu?”

“Ni ya mjomba.”

“Mrudishie.”

Akageuza karatasi, akatazama hata nyuma, kulikokuwa kweupe.

“Kisima kiko wapi?”

Vipimo akayumba kitini. Alikuwa ameombea swali lolote lije isipokuwa hilo.

Baba mkwe alichimba kisima nyuma ya nyumba yake, na mtaa mzima ulichota bure. Kilikuwa fahari yake. Wageni walipelekwa kukiona kabla ya kuonyeshwa pa kukaa. Vipimo, bibi harusi ambaye hata vyombo vya ukweni hakuwa amevizoea, alichukua chupa ya maji yale akayapeleka maabara, kwa sababu watoto wa mtaa ule walikuwa hawaishi kuharisha. Maji yakaonekana yana vijidudu vya kinyesi. Akaandika ripoti, akaja na mafundi, kisima kikafungwa kwa mnyororo na kufuli. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo, wala si kwa kisima, ila wifi aliyaweka mambo hayo mawili karibu karibu. Tangu hapo alimsalimia Vipimo vizuri tu, na salamu ikiisha, hakuna la zaidi; hata akija kwao, hakuwa anakaa.

“Nilidhani hutapenda nikiandika hilo,” Vipimo akasema.

“Sipendi. Lakini umejaza kurasa kuniambia wewe ni jasiri, na siku moja niliyokuona jasiri kwa macho yangu umeiruka.” Wifi akaweka penseli chini. “Hebu nikuulize. Ule uchafu ulitoka wapi?”

“Sijui.”

“Hujui?”

“Vipimo vyetu vinasema uchafu upo. Ulikotoka havisemi. Labda choo cha jirani. Labda bomba la majitaka limepasuka. Labda...”

“Choo chetu.”

“Labda.”

“Ukafunga kisima cha baba bila kujua kilichokichafua.”

“Nilijua kinaumiza watoto, wifi. Zaidi ya hapo sikuwa na namna ya kujua.”

“Na huko unakotaka kwenda kusoma?”

“Namna wanayo. Wanayafuata maji chini ya ardhi mpaka wanajua yamepita wapi, yamebeba nini.”

“Hilo umeliandika mstari gani?”

Vipimo akaanza kuzipekua karatasi, akijua kabisa halimo.

“Sijaliandika.”

“Basi kaandike. Halafu uniletee. Na baba usinipambie.”

Jumamosi ile Vipimo alikaa na karatasi tupu. Alimtoa mjomba, akamtoa bosi, akaitoa shauku. Kilichobaki kilikuwa kifupi mno, akaanza upya kwa mnyororo na kufuli. Alipofika mahali pa kuandika kwamba mpaka leo hajui, mkono ulikuwa mzito, kwa kuwa alikuwa hajawahi kulitamka hilo kazini.

Wifi aliisoma insha ya pili hata ugali wake wa kubeba ukapoa.

“‘Nilimweleza mzee kwa heshima.’ Uliingia sebuleni na mabuti ya mpira.”

“Nilikuwa nimetoka mtaroni!”

“Sikulaumu. Nasema andika mabuti.” Penseli ikashuka, ikasimama. “‘Mzee alielewa.’ Hakuelewa.” Akaikata sentensi hiyo. “Andika kwamba hakuelewa.”

Pembeni akaongeza kwa mkono wake kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, mpole, mkarimu, kipenzi cha wakubwa kwa wadogo. Vipimo akaisoma nyongeza hiyo, akanyoosha mkono kuiomba penseli.

“Wifi, hapa nimechoka mimi.”

Wifi akaitazama sentensi yake mwenyewe kama anavyotazama ukuta uliogonga gari. Kisha akacheka, cheko fupi la puani. “Ifute. Hata sisi tusingeilipa.”

Vyuo viwili vilipelekewa insha ile. Kimoja kikakataa. Kingine kikamwita kwenye mahojiano ya mtandaoni, na maprofesa wakamhoji habari za kisima muda wote, hata alama zake za chuo wakasahau kuziulizia. Akapata nafasi. Mjomba akatangazia ukoo mzima kwamba ile mikato ilisaidia sana.

Wifi alikuja nyumbani kumpongeza. Vipimo alipoanza kumshukuru, akamkata.

“Ukijua uchafu ulitoka wapi, niambie mimi kwanza. Hata kama ni choo chetu.”

“Nitakwambia.”

“Haya. Na ile barua ya waliokukataa iko wapi?”

Vipimo akamtolea simu. Wifi akaisoma amesimama, mpaka mwisho.

“Wanasema wametafakari kwa kina,” akasema, akirudisha simu. “Hawakutafakari.” Akavuta kiti, akakaa.